Petroli ina spiriti au haina? Vipimo vinne vya kemia, na namna ya kuchagua kinachokufaa

Pikipiki ikianza kukohoa kwenye mwinuko na plagi ikitoka nyeupe, fundi wa Dodoma ana jibu moja mkononi: mafuta yamechakachuliwa. Huenda ni kweli. Ila yamechakachuliwa kwa kitu gani? Maji, mafuta ya taa na alkoholi ni mashtaka matatu tofauti, na kila moja lina kipimo chake. Hapa tunashughulika na la tatu peke yake: ethanoli, ambayo ndiyo iliyomo kwenye spiriti na gongo, na methanoli, ndugu yake wa viwandani aliye sumu kali.

Uchakachuaji hapa kwetu kwa sehemu kubwa umekuwa wa mafuta ya taa. Ndiyo maana mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani kemikali za kuyatambulisha, kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuyachanganya na dizeli au petroli kusiwe na faida. Alkoholi ina njia zake nyingine za kuingia. Kuna nchi zinazochanganya ethanoli kwenye petroli kihalali, Malawi tangu 1982 na Zimbabwe pia, na dumu linalovushwa mpakani halina maandishi ya kusema lina nini. Kuna dawa za kukausha maji kwenye tangi, ambazo nyingi zenyewe ni alkoholi. Na kuna muuzaji wa chupa za barabarani aliyekuwa na spiriti ya ziada.

Alkoholi yenyewe haiui injini. Wabrazili wameendesha magari miaka mingi kwa petroli yenye ethanoli zaidi ya robo. Tofauti ni kwamba magari yao yametengenezwa yakiijua. Kabureta ya pikipiki iliyopimwa kwa petroli tupu itachoma mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi, kwa sababu ethanoli tayari imebeba oksijeni ndani yake. Nguvu yake kwa lita ni kama theluthi mbili ya petroli. Inavimbisha baadhi ya mipira ya zamani, na inavuta maji.

Jiulize kwanza unatafuta jibu gani

Watu wengi wanauliza kipimo kipi ni bora, na wanazunguka hapo hapo. Kuna maswali matatu, na kila kipimo hujibu lake. Je, alkoholi ipo? Kama ipo, ni asilimia ngapi? Na ni ya aina gani? Mwenye genereta ya saluni Majengo anatosheka na la kwanza. Fundi anayebishana na mteja anahitaji la pili. La tatu ni la mwalimu wa kemia, au mtu mwenye sababu ya kuogopa methanoli.

Baada ya swali, angalia mambo manne, na nitayafuata kwa kila kipimo: vifaa vinapatikana wapi, hatari yake ni ipi, kinadanganywa na nini, na kinamfaa nani.

Jambo moja la kemia linabeba vipimo vyote vinne. Molekuli ya alkoholi ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, na ikipewa nafasi ya kuchagua, upande wa maji hushinda. Ukitikisa petroli na maji, sehemu kubwa ya alkoholi huhama petroli na kushuka kwenye maji. Vipimo viwili vya kwanza vinatazama maji yameongezeka kiasi gani. Viwili vya mwisho vinayachukua maji hayo na kuuliza kilichohamia humo ni nani.

Na usalama, mara moja kwa vyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani, na petroli inatoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali, sembuse joto la Dodoma la Oktoba. Fanya nje, kivulini, mbali na moto, sigara na swichi. Baada ya kutikisa, fungua kifuniko taratibu, maana mvuke hujaa ndani. Usimimine mabaki kwenye mtaro.

1. Maji matupu kwenye chupa

Tafuta chupa ya kioo yenye kuta zilizonyooka, nyembamba kadiri unavyoweza kupata. Weka maji kina cha vidole viwili. Chora mstari kwa kalamu ya wino mzito mahali maji yanapoishia. Jaza petroli juu yake karibu na shingo, funga, tikisa nusu dakika, weka chini, subiri dakika kumi. Petroli inaelea juu. Kama mpaka kati ya matabaka mawili umepanda juu ya mstari wako, kuna kitu kimehama kutoka kwenye petroli kwenda kwenye maji. Ukibaki palepale, alkoholi haipo, au ni kidogo mno kuonekana.

Vifaa viko nyumbani. Ukishindwa kuona mpaka, weka tone moja la rangi ya chakula kwenye maji kabla ya kuanza. Haiyeyuki kwenye petroli, hivyo tabaka la chini litakuwa jekundu na la juu litabaki lilivyo. Maji ya bomba ya hapa mjini, yenye chumvichumvi ya visima vya Makutupora, hayaharibu kitu kwenye kipimo hiki.

Hatari yake haizidi ile ya petroli yenyewe.

Kinadanganywa na asetoni, ambayo nayo hukimbilia maji, na kwa upande mwingine na macho yako. Maji kidogo chini ya petroli nyingi huufanya mpaka wa matabaka kupanda kwa namna inayoonekana wazi, na huo ndio uzuri wake. Lakini maji hayo machache hayatoshi kuivuta alkoholi yote, nyingine inabaki juu. Isitoshe, ethanoli na maji vikichanganyika hujibana: mililita 50 za kila kimoja hazifiki 100, zinakuwa kama 96. Kwa hiyo usijaribu kutoa asilimia kwa rula. Chini ya asilimia 5 hivi, utakuwa unabahatisha.

Kinamfaa mtu anayetaka ndiyo au hapana kabla ya kumimina mafuta ya dumu kwenye msumeno au pampu ya kumwagilia.

2. Maji ya chumvi kwenye silinda ya kupimia

Hiki ndicho Wabrazili wanakitumia vituoni. Huko mteja ana haki ya kudai kipimo kifanyike mbele yake kabla ya kulipa, na sheli inatakiwa iwe na vifaa. Unaweka mililita 50 za petroli kwenye silinda ya mililita 100, unaongeza mililita 50 za maji ya chumvi ya asilimia 10, unaziba, unapindua mara kumi kwa upole bila kutikisa kwa nguvu, unaacha itulie dakika kumi hadi kumi na tano. Kisha unasoma tabaka la chini limefika wapi.

Hesabu yake ni hii: chukua mililita zilizoongezeka juu ya 50, zidisha kwa 2, ongeza 1. Tabaka la maji likisoma 63, ongezeko ni 13, mara mbili ni 26, jumlisha moja: asilimia 27. Hiyo 1 inafidia alkoholi inayobaki juu na ule kujibana niliokwisha kuutaja. Kama hakuna ongezeko kabisa, usijumlishe moja ukamwambia mtu petroli yake ina asilimia 1. Jibu ni hakuna.

Kwa nini chumvi? Inafanya petroli isipende kukaa na maji, matabaka yanaachana haraka na mpaka unakuwa mkali badala ya kuwa na ukungu katikati. Petroli nyingi zina dawa za kusafisha injini ndani yake, na dawa hizo hufanya kazi kama sabuni; ukitikisa na maji matupu unaweza kupata utando mweupe unaokunyima mstari. Chumvi inaufukuza. Na kwa kuwa hapa maji ni mengi sawa na petroli, alkoholi inayobaki juu ni kidogo.

Vifaa: silinda ya kioo ya mililita 100 yenye kizibo. Zipo kwenye maduka ya vifaa vya maabara, na sekondari yenye maabara haikosi. Chumvi ya mezani inatosha: gramu 10, kama vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, kisha maji hadi ifike mililita 100. Wapo wanaotumia sirinji ya duka la dawa badala ya silinda. Inapima vizuri mara ya kwanza. Ile mpira ya ndani inavimba ikikutana na petroli, na mara ya pili bomba litagoma kusogea, kwa hiyo ihesabu kuwa ya kutupa.

Hatari ni ileile ya petroli, pamoja na kioo kuvunjika mkononi ukikandamiza kizibo bila kutoa mvuke.

Kinadanganywa na nini? Asetoni tena. Na kuna MTBE, kiungo kinachotumika sehemu nyingi duniani kupandisha okteni: chenyewe hubaki zaidi kwenye petroli, hivyo kipimo hiki hakikioni, na hilo ni sawa kwa sababu si alkoholi. Kosa kubwa zaidi ni la usomaji. Silinda iwe juu ya meza iliyosawazika, jicho lako liwe usawa wa mstari. Ukisoma mililita moja zaidi, umeongeza asilimia 2 ambazo hazipo, na kwenye mabishano ya fundi na mteja asilimia 2 ni vita.

Kinamfaa fundi, mwenye pikipiki nyingi, au ofisi yenye genereta inayonunua mafuta kwa madumu. Nikiulizwa kitu kimoja cha kuweka kwenye gereji, ni silinda hii; tayari inajibu maswali mawili kati ya matatu.

3. Dikromati ya potasiamu

Hapa tunaingia maabara. Unachukua tabaka la maji peke yake kutoka kipimo cha kwanza, yale maji matupu na si ya chumvi, unaweka kwenye neli ya majaribio, unaongeza dikromati ya potasiamu iliyoyeyushwa ndani ya asidi ya salfuriki, kisha unapasha moto kidogo kwa kuitumbukiza kwenye maji ya moto. Rangi ya chungwa ikigeuka kijani, kuna alkoholi. Ni kemia ileile iliyokuwa ndani ya kifaa cha kupima ulevi cha Robert Borkenstein cha mwaka 1954, ambacho polisi wa Marekani waliwataka madereva wakipulizie.

Vifaa havinunuliwi sokoni, na ni vizuri hivyo. Dikromati ni sumu na inasababisha saratani, asidi inaunguza ngozi na macho, na taka zake haziendi kwenye udongo wala choo. Glavu, miwani na chombo maalumu cha taka ni lazima. Sioni sababu ya mtu kuwa nayo nyumbani.

Kinadanganywa kirahisi sana ukikosea mpangilio. Petroli ya kiwandani huwa na hidrokaboni zenye bondi maradufu kati ya kaboni (alkeni), na hizo nazo zinaoksidishwa. Ukimimina dikromati moja kwa moja kwenye petroli unaweza kupata kijani bila tone la alkoholi. Pamanganeti, zile chembe za zambarau, ina ugonjwa huohuo na zaidi: ukiiweka kwenye mafuta ya kuwaka unacheza na moto. Lazima utenganishe maji kwanza, vizuri, bila petroli kuelea juu.

Kinawafaa walimu wa kemia, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na yeyote mwenye maabara halali. Kwa fundi wa barabarani, hapana.

4. Iodini na kostiki soda

Huyu ni mpole zaidi, na ndiye anayejibu swali la tatu. Maji yaleyale ya kipimo cha kwanza, safari hii yametengenezwa kwa maji yaliyotoneshwa. Unapoyanunua dukani kuwa mwangalifu, maana ukisema "maji ya betri" wengine watakupa yenye asidi; unataka yale ya kuongezea tu. Weka matone ya iodini, kisha kostiki soda iliyoyeyushwa, tone kwa tone, hadi rangi ya kahawia ififie iwe njano hafifu. Simamisha neli kwenye kikombe cha maji ya moto ya chupa ya chai, usitumie jiko, subiri dakika chache. Ethanoli ikiwepo, utaona ukungu wa njano unaojikusanya kuwa mashapo madogo, na harufu itakayokukumbusha wodi ya hospitali. Hiyo ni iodofomu, dawa ya vidonda ya zamani.

Kostiki inapatikana kwa watengeneza sabuni. Iodini ndipo watu wanapokwama. Ile tinkcha ya iodini ya duka la dawa imeyeyushwa ndani ya alkoholi, kwa hiyo itakupa jibu la ndiyo hata kwenye maji ya kunywa. Unahitaji iodini iliyoyeyushwa kwa maji na iodidi ya potasiamu. Hapa tena mwalimu wa kemia ni rafiki mzuri.

Hatari: kostiki inaunguza, hasa macho, na iodini inaacha madoa yasiyotoka kirahisi. Ni ya kiasi, ukilinganisha na dikromati.

Kinachoidanganya ndicho kinachoipa thamani. Methanoli haitoi mashapo haya. Isopropanoli, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kukausha tangi, inayatoa. Asetoni nayo inayatoa. Peke yake, basi, jibu la njano halikwambii "ethanoli" kwa uhakika. Ila ukiiweka pamoja na dikromati, mambo yanajieleza:

| Kilichohamia kwenye maji | Dikromati | Iodini na kostiki |
|---|---|---|
| Ethanoli | kijani | mashapo ya njano |
| Methanoli | kijani | hakuna mashapo |
| Isopropanoli | kijani | mashapo ya njano |
| Asetoni | chungwa inabaki | mashapo ya njano |

Ethanoli na isopropanoli bado zinafanana, na kuzitenganisha ni kazi ya mashine. Lakini methanoli na asetoni zimeshajitenga.

Kinamfaa mwenye kutaka kujua aina, na shule inayotafuta jaribio la kidato cha nne lenye maana mtaani.

Vitu ambavyo havipimi alkoholi, ingawa utaambiwa vinapima

Haidromita kwanza. Inakamata mafuta ya taa vizuri, kwa sababu uzito wa petroli ni kama gramu 0.72 hadi 0.78 kwa mililita na mafuta ya taa yako juu ya hapo. Ethanoli ni 0.79. Ukichanganya asilimia 10 tofauti inamezwa na tofauti ya kawaida kati ya petroli na petroli. Salfeti ya shaba nyeupe inayogeuka bluu inakuonyesha maji, basi. Dawa ya kupaka kwenye fimbo ya tangi ni ya maji pia. Na kunusa, hapana. Petroli inafunika kila kitu.

Sampuli, kabla ya yote

Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inabeba maji kama nusu asilimia tu, yaani mililita 5 kwa lita. Yakizidi, maji na alkoholi vinashuka pamoja chini ya dumu. Ukichota juu utapima petroli safi na kumtetea mchakachuaji. Chota chini, au fungua skrubu ya bakuli la kabureta na upokee kilichotoka. Na kila unapopima, pima pia sampuli mbili za kulinganisha: petroli uliyonunua mahali pengine unapopaamini, na petroli hiyohiyo uliyoiongezea spiriti kidogo, mililita 5 kwenye 45. Kipimo kisipoona spiriti uliyoiweka mwenyewe, usikiamini kwa ile usiyoiweka.

Kwa hali yako

Uko kijijini Bahi au Mpwapwa, unanunua kwa chupa, huna kifaa: maji matupu. Mpaka ukipanda, usiweke kwenye msumeno wa injini ya oili mchanganyiko. Ethanoli ikivuta maji, oili inaweza kujitenga na injini ikakauka.

Una gereji, au unasimamia bodaboda kadhaa na malalamiko yanajirudia: silinda na maji ya chumvi, na daftari la kuandika tarehe, chanzo na usomaji. Ikisoma sifuri mara zote, acha kutafuta spiriti, geukia maji na mafuta ya taa.

Unafundisha kemia Kongwa au Kondoa: anza na silinda ili wanafunzi wafanye hesabu, malizia na iodini. Dikromati ifanye wewe mwenyewe, mbele yao, kwa kiasi kidogo.

Mtu amekunywa kitu kilichotoka kwenye dumu la "spiriti ya mafuta", au una shaka hivyo: usipime chochote. Methanoli inapofusha na kuua, na saa zinahesabika. Hospitali kwanza, na dumu liende naye likiwa limefungwa.

Unataka kushtaki kituo: jibu lako la nyumbani ni la kukuamulia wewe tu, halisimami mbele ya mtu. Tunza risiti, jaza chupa safi ya kioo bila kuacha nafasi kubwa ya hewa, ifunge, andika siku na pampu, upeleke malalamiko EWURA, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma. Kama tatizo ni lita kupungua na si ubora, hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo, na hakuna silinda itakayokusaidia.